Nani Alilipia Kicheko Chetu?

Kwetu Suam, ambako ukivuka mpaka unaingia Bukwo, Uganda, runinga iliwashwa kwa betri ya gari. Kuchaji betri kulikuwa pesa, so mtu alichagua: Vitimbi, Vioja Mahakamani, habari, basi, zima. Sisi tulilipia betri. Lakini nani alilipia kipindi chenyewe? Ukimfuata huyo mlipaji, unaelewa kwa nini vipindi vingine viliishi miaka na vingine vikapotea tukiwa bado tunavipenda.

Enzi za VOK, iliyokuja kuwa KBC mwaka 1989, mlipaji alikuwa serikali. Ebu angalia Vioja Mahakamani: chumba kimoja, hakimu, karani, mshtakiwa na kizimba. Hakuna safari, hakuna nyumba ya kukodi. Kipindi cha bei hiyo huponea hata bajeti ikikatwa.

KTN ilipoingia 1990, na stesheni nyingine za kibinafsi zikafuata, mlipaji akawa mwenye bidhaa. Marekani ilikuwa imeanza zamani: miaka ya 1930, kampuni za sabuni kama Procter & Gamble zilidhamini michezo ya redio, ndiyo maana tamthilia za aina hiyo zinaitwa "soap" hadi leo.

Hesabu yake ni hii: stesheni inamuuzia mtangazaji macho yetu. Matangazo yakiingiza zaidi ya gharama ya waigizaji, kamera na petroli, msimu mwingine unakuja. Yasipoingiza, inanunuliwa telenovela ya Mexico ambayo gharama yake ilisharudi huko kwao, nayo inajaza saa ile ile kwa bei nafuu.

Makutano Junction ilipata mlipaji wa tatu: pesa za misaada kutoka Uingereza. Mji wake ni wa kubuni, ingawa sisi tuna Makutano yetu ukipita Kitale kwenda Kapenguria. Mfadhili alitaka ujumbe wa afya na kilimo ufike hata kwa asiye na hela ya kununua chochote. Lakini pesa za mfadhili nazo zina tarehe ya mwisho.

Kwa mtangazaji, macho hayalingani. Anayenunua sabuni ya kipande huku mpakani ana uzito mdogo kuliko mteja wa supamaketi Nairobi, hata kama wanacheka sawa. Leo tunatazama YouTube kwa simu, na bado ni tangazo linaloamua nani atarudi na kipindi kingine. Hadithi za huku kwetu zitahitaji mlipaji anayetuhesabu.