“Nani mwenzangu?”: Historia ya kulisaka jina nyuma ya namba Mbulu na Hanang

Siku ya mnada, simu ya mfugaji wa Hanang, mkoani Manyara, haipumziki. Namba ngeni ikiita, huenda ni mnunuzi wa ng'ombe, huenda ni ndugu aliyeazima simu, huenda ni tapeli. Mkulima wa vitunguu swaumu wa Mbulu naye yuko hivyo hivyo: asipopokea anaweza kupoteza mteja, akipokea anaweza kupoteza akiba. Swali la nani anapiga lina historia ndefu, na kila kizazi kimelijibu kwa namna yake.

Enzi za simu za mezani, jibu lilikuwa kwa mtu. Hadi mwaka 1977, huduma ilikuwa chini ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ikaunda shirika lake, na mwaka 1994 upande wa simu ukawa Kampuni ya Simu Tanzania (TTCL). Simu ya mbali iliunganishwa na opereta, aliyejua nani anamtaka nani. Simu yenyewe haikuwa na kioo cha kuonyesha namba. Ikilia, ulinyanyua mkonga na kuuliza: “Haloo, nani mwenzangu?” Kitabu cha simu kilikuwepo, lakini kilipangwa kwa majina. Ukiwa na jina ungepata namba. Ukiwa na namba tupu, kitabu hakikukusaidia.

Simu za mkononi zikaligeuza jambo hilo. Kampuni ya Mobitel ilianza mwaka 1994, Vodacom ikafuata mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, kisha minara ikasogea taratibu kutoka mijini kwenda wilayani. Sasa namba ilionekana kabla hujapokea, na watu wakajifunza kuisoma: 0741 ni Mobitel, 0744 ni Vodacom, 0748 ni Celtel. Simu iliyoanza na 027 ilitoka mezani, kanda ya kaskazini. Lakini mwenye namba hakujulikana, kwa sababu laini ilinunuliwa dukani kama kiberiti, bila kuandikisha jina. Hata dalili ya tarakimu za mwanzo ilififia Machi 2017, wateja waliporuhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba.

Usajili wa laini ulianza mwaka 2009, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ikaufanya kuwa lazima. Mwaka 2019 ukaja usajili wa alama za vidole kwa kitambulisho cha taifa kinachotolewa na NIDA. Tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba, na Rais John Magufuli akaongeza siku 20, hadi 20 Januari 2020. Kwa mara ya kwanza, kila laini halali ilitakiwa kuwa na mwenyewe anayejulikana kwa kidole chake.

Daftari la usajili huo linabaki kwa makampuni na mamlaka. Wananchi, hata hivyo, walishapata dirisha lao: pesa za simu. M-Pesa ya Vodacom ilianza nchini mwaka 2008, na mitandao ilipoanza kutumiana pesa kuanzia mwaka 2014, dirisha likapanuka. Namna yake ni hii. Unapiga *150*00# au menyu ya mtandao wako, unachagua kutuma pesa, unaingiza namba ngeni na kiasi kidogo. Kabla muamala haujakamilika, jina la mpokeaji linatokea. Unalisoma, unasitisha. Hakuna anayekatwa shilingi, na inawezekana hata kwa kitochi kisicho na intaneti. Huduma iliyobuniwa ili pesa isipotee njia imekuwa kitabu cha simu cha kinyumenyume.

Wenye simu janja wana Truecaller, programu iliyoanzishwa Stockholm mwaka 2009 na Alan Mamedi na Nami Zarringhalam. Majina yake hutokana kwa sehemu kubwa na michango ya watumiaji, hivyo mtu huweza kutokea kama “Fundi Pikipiki” au “Dalali Katesh” bila kuulizwa. Hapo pana suala la haki. Tangu Mei 2023 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na jina la mtu likiunganishwa na namba yake ni taarifa binafsi.

Matapeli nao wamejifunza dirisha hilo. Ujumbe wao maarufu huagiza: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Wanakutajia jina mapema ili ukiliona uamini. Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kidole cha mtu asiyejua lolote, aliyeombwa na wakala aweke kidole mara ya pili kwa madai kwamba cha kwanza hakikusoma. Jina ni la aliyesajili laini. Sauti inaweza kuwa ya mwingine kabisa.

Lakini kukataa kila namba ngeni si dawa. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji jirani. Katika janga kama hilo aliyenusurika hupoteza simu, na habari za uzima wake hufika kwa simu ya kuazima. Namba ngeni siku hiyo ndiyo inayosubiriwa kuliko zote.

Kwa hiyo pokea, lakini pesa isitoke kwa sababu ya jina pekee. Anayedai ni ndugu, mpigie kwa namba yake ya zamani au mwulize jambo la nyumbani ambalo mgeni halijui. Anayedai ni wa kampuni ya simu, kumbuka namba ya huduma ni 100. Ujumbe wa utapeli utume kwenda 15040. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua ifutwe.

Elimu hii isiishie kwenye matangazo ya mjini. Ifike minadani na kwenye mikutano ya vijiji, itolewe pia kwa lugha za wenyeji, Kiiraqw na Kidatoga, kwa sababu wazee wengi husomewa ujumbe na wajukuu. Serikali ilimtaka kila mzee wa namna hiyo atoe kidole chake ili laini yake isifungwe. Ana haki ya kufundishwa jinsi ya kukilinda.