Historia ya Ardhi Iliyozamishwa Kiambere

Kabla ya mabwawa, Mto Tana ulikuwa ukifurika mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Wambeere walikaa upande wa Embu, Wakamba upande wa Kitui. Mto uliwatenganisha na kuwalisha wote wawili.

Kindaruma ndilo lililotangulia, mwaka 1968. Likafuata Kamburu, 1974, kisha Gitaru, 1978. Mwaka 1981 likaja Masinga, ghala la maji la mabwawa yote yaliyo chini yake, na ziwa lake likatanda kilomita za mraba 120. Huko chini Wapokomo, waliozoea kulima mpunga kwa mafuriko, wakaona mafuriko yenyewe yanapungua.

Kiambere likawa la tano, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mitambo yake ilianza kutoa stima mwaka 1988, megawati 144. Maelfu ya watu walihama kuyapisha maji. Walipewa fidia ya fedha taslimu, kisha kila mtu akaachwa ajitafutie pa kwenda. Lakini ardhi ya kununua ni ile ambayo mwenyewe amekubali kuiachia, na nani huachia shamba lake la mtoni? Waliohama walipata kilichobaki, na huko kwenye nchi kavu bei ya kosa ni njaa.

Watafiti waliowafuata baadaye walikuta aila iliyokuwa na wastani wa hekta 13 sasa ina 6. Mifugo ilikuwa imepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Mavuno ya mahindi kwa hekta yalishuka kwa asilimia 68, ya maharagwe asilimia 75. Pato la aila lilitoka shilingi 10,968 hadi 1,976. Mimi huumizwa zaidi na yale mavuno kuliko zile hekta. Aliyepunguziwa ardhi angeweza kujikaza na kipande kilichobaki, lakini udongo huu mpya haukujibu jembe. Hasara ya namna hiyo hailipwi kwa hundi moja, hata iwe nono.

Chini zaidi ya Kiambere, kwenye maporomoko ya Kibuka, serikali imekuwa na mpango wa bwawa kubwa kuliko hayo yote, High Grand Falls. Wakazi wa huko wapimiwe mashamba yao mapya, wayakague wenyewe na kuvuna msimu mmoja, kabla lango la bwawa halijafungwa.