Miongozo ya Afya ya Akili Wakati wa Maafa: Ipi Isomwe, na Nani

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliushukia mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Baada ya msiba wa namna hiyo, parokia zetu zinajua kukusanya unga, blanketi na nguo. Lakini mtu aliyefukiwa jamaa zake mbele ya macho yake anahitaji pia wa kuketi naye, na kuketi na mtu kama huyo ni kazi yenye elimu yake. Elimu hiyo imekwisha kuandikwa, na sehemu kubwa yake hutolewa bure. Imetungwa kwa ajili ya wanasaikolojia, wauguzi na maafisa ustawi wa jamii, lakini baadhi yake inamfaa kabisa katekista au kiongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo.

Wa kwanza kusomwa ni mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na War Trauma Foundation na World Vision. Mafundisho yake yamejengwa juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Mhudumu hutazama kwanza kama mahali ni salama na nani ana shida ya haraka. Husikiliza bila kuhukumu. Kisha humwunganisha mhanga na ndugu zake, na habari za kweli, na huduma zilizopo. Mwongozo wasema wazi kwamba kazi hii si ya wataalamu peke yao.

La muhimu zaidi ni lile unalolikataza: mhanga asilazimishwe kusimulia yaliyompata. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba manusura akiketishwa mapema na kusimulishwa mkasa wote, moyo wake utapona upesi. Mwaka 2002 mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane hayakuona ushahidi kwamba kikao kimoja cha namna hiyo huzuia kiwewe cha kudumu, na utafiti mmoja kati ya hizo ulionyesha hata madhara. Kwa hiyo anayefika kambini na daftari au kamera, akimtaka mjane aeleze tena na tena, hamsaidii. Wala hasaidiwi mfiwa kwa kuambiwa kwamba anapaswa kushukuru kuwa amenusurika. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizoketi naye chini kimya. Matatizo yalianza walipofumbua vinywa.

Kwa wanaopanga huduma nzima, yaani wakurugenzi wa Caritas, madaktari na viongozi wa serikali, upo mwongozo wa Kamati ya Kudumu ya Mashirika, uliotolewa mwaka 2007. Huo huipanga misaada kama piramidi. Chini kabisa ni usalama, chakula, maji na makazi. Juu yake ni nguvu ya familia na jamii. Kisha msaada wa karibu wa wahudumu waliofunzwa. Na kileleni ni matibabu ya wataalamu, ambayo huhitajiwa na wachache. Waamini watafurahi kuona kwamba mwongozo huo unazipa nafasi ibada na desturi za uponyaji za jamii, pamoja na mazishi ya heshima. Misa ya marehemu na matanga, basi, vimo ndani ya mpango wenyewe.

Daktari au mwuguzi wa zahanati asiye mtaalamu wa akili ana kitabu chake cha mwaka 2015, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kinachoeleza dalili na tiba ya huzuni kuu, kiwewe, kifafa na hali za mtu kutaka kujiua. Ipo pia njia ya vikao vitano, iliyochapishwa mwaka 2016, ambayo hutolewa na watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ikawapunguzia mateso ya moyo. Kwa watoto, hadithi ya “My Hero is You”, iliyotungwa mwaka 2020 wakati wa Uviko-19, inapatikana kwa Kiswahili.

Na anayewahudumia wengine naye huchoka. Kituo cha msaada wa kisaikolojia cha Msalaba Mwekundu, kilichoko Copenhagen tangu mwaka 1993, kimeandaa vitabu juu ya kuwatunza wanaojitolea: zamu zenye kikomo, mapumziko, na mtu wa kuzungumza naye baada ya kazi. Padre aliyezika watu kumi kwa juma moja anahesabiwa humo humo.

Parokia ingeweza kuchapa kurasa chache za mwongozo wa 2011, ikazisoma na wanakwaya, WAWATA na vijana kabla ya masika, na kubandika sakristia simu ya afisa ustawi wa jamii wa wilaya na jina la hospitali yenye huduma ya akili. Mhanga asiyelala, asiyekula, au anayezungumzia kufa apelekwe huko siku hiyo hiyo, akisindikizwa.