Jinsi utumbo unavyopambana na kipindupindu

MTU anywapo maji yaliyochafuliwa na bakteria wa kipindupindu, mapambano huanza tumboni kabla yeye mwenyewe hajahisi lolote. Asidi ya tumbo ndiyo askari wa kwanza, nayo huangamiza bakteria wengi mno. Ndiyo sababu watu wenye asidi haba, wakiwemo wanaotumia dawa za kuipunguza, huwa katika hatari zaidi.

Wanaonusurika huteremka hadi utumbo mwembamba, ambao ukuta wake umefunikwa kwa ute mzito. Hata hivyo, bakteria hawa wana mkia wa kuogelea, hivyo huupenya ute huo. Wakishajishikiza, hutoa sumu inayozilazimisha seli za utumbo kumwaga chumvi, na maji mwilini huifuata. Mgonjwa huharisha maji meupe, mithili ya yale yaliyooshewa mchele.

Ajabu ni kwamba, tofauti na wale wa homa ya matumbo, bakteria hawa hawapenyi ukuta na kuingia katika damu. Huwa lazima wapigwe papo hapo juu ya ukuta. Kazi hiyo huanzia katika mabaka madogo ya utumbo ambayo tabibu wa Uswisi, Johann Conrad Peyer, aliyaeleza mwaka wa 1677. Juu yake zipo seli maalumu zinazonyakua bakteria na kuwapitisha ndani ili watambuliwe. Hatimaye kingamwili aina ya IgA hutengenezwa na kumwagwa kwenye ute, zikawafunga bakteria na sumu yao wasiweze kujishikiza.

Tatizo ni muda. Kingamwili hizo huchukua siku kadhaa kuongezeka, ilhali kipindupindu kikali huweza kuua kwa saa chache. Kwa bahati njema, sumu hiyo haiuzuii utumbo kufyonza sukari pamoja na chumvi, navyo huvuta maji. Hivyo basi, mgonjwa anapokimbizwa hospitalini, anyweshwe lita moja ya maji safi yaliyotiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Chanjo ya kipindupindu hunywewa, haidungwi, ili kinga ijengeke pale pale adui anapoingilia. Dozi mbili hulinda kwa takriban miaka mitatu. Mnamo Oktoba 2022, kutokana na uhaba wa chanjo duniani, kampeni za dharura zilipunguziwa dozi hadi moja, ambayo kinga yake haidumu sana, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio hulindwa kwa kiwango cha chini zaidi.