Makosa ya Nani? Historia ya Kiswahili cha Darasani katika Meru na Embu

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo dogo lenye historia ndefu. Tangu nadharia za uchanganuzi wa makosa zilipoingia katika vyuo vyetu, watafiti wa ujifunzaji wa Kiswahili nchini Kenya wameeleza makosa ya wanafunzi, aghalabu, kwa kauli moja: athari za lugha ya mama. Akikosea Mmeru, kosa hilo ni la Kimeru. Akikosea Mwembu, kosa hilo ni la Kiembu. Tutajaribu kuonyesha kwamba kauli hiyo ni kweli nusu tu, na kwamba nusu iliyobaki haiwezi kuonekana bila kurejea historia ya namna Kiswahili kilivyoingia katika nchi hizi za mashariki ya Mlima Kenya.

Swali hili lilinijia nikisahihisha insha. Nilikuwa nimerejea karibuni kutoka ng'ambo, nilikopata shahada ya uzamili kwa tasnifu iliyoainisha makosa ya wanafunzi kwa kauli hiyo hiyo. Mwanafunzi mmoja, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akisoma wakati wa likizo, alikuwa ameandika "watu mbili" na "kitabu yangu". Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Athari ya Kimeru". Siku ya pili akanijia na karatasi yake mkononi. "Samahani, Mwalimu," akasema, "kwetu hakuna asemaye hivi. Sisi husema antũ baĩrĩ. Hii 'watu mbili' niliisikia shuleni." Sikuwa na jibu. Kimeru, kama Kiswahili sanifu, kinadai kwamba kivumishi cha idadi kipatane na nomino yake, na kadhalika kivumishi cha kumiliki. Kosa nililolitwika lugha ya mama ya mwanafunzi yule lilikuwa kosa ambalo mama yake asingeweza kumfundisha.

2. Njia iliyoleta Kiswahili

Utawala wa Waingereza uliingia Embu kwa nguvu za silaha mwaka 1906, na boma la Meru likaanzishwa mwaka 1908 chini ya E. B. Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi. Pamoja na boma walikuja askari, makarani, wakalimani na wachuuzi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, vijana wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi katika Afrika Mashariki. Waliobahatika kurudi walirudi na Kiswahili cha kambini. Baadaye zikaja kazi za mashamba ya walowezi, ambako mwajiri alitoa amri kwa lugha iliyopewa jina la Kisetla, na kazi za mjini Nairobi.

Kiswahili hicho hakikuwa cha Mombasa wala cha Unguja. Kilikuwa lugha ya amri na ya bei, iliyosemwa na watu wa makabila mengi, ambao wengi wao hawakuwahi kuisikia kwa mtu aliyezaliwa nayo. Katika mazingira hayo upatanisho wa ngeli hupungua, na viambishi vichache hufanya kazi ya vingi. Hapo ndipo "kitabu yangu" na "watu mbili" zilipopata makao. Kiswahili cha namna hii kimesikika pia kwa walowezi wa Kizungu na kwa Wajaluo, ambao lugha zao hazina mfumo wa ngeli za Kibantu. Basi, kosa likionekana kwa Mwingereza, kwa Mjaluo na kwa Mmeru, itakuwaje tuliite kosa la Kimeru?

Wamisionari, kwa upande wao, walifuata njia nyingine. Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza kilifungua kituo cha Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti waliojenga Kaaga, karibu na mji wa Meru, katika miaka ya 1910 walitoka katika kanisa lililokuwa limekaa Ribe, pwani, tangu miaka ya 1860. Wamisheni wa Kanisa la Scotland wakaanza kazi Chogoria mwaka 1922. Ingawa baadhi yao walikijua Kiswahili, waliamini kwamba Neno humwingia mtu kwa lugha ya nyumbani. Huko Embu maandiko ya Kikikuyu ndiyo yaliyotumika kanisani na shuleni. Huko Meru kazi ya tafsiri iliendelea hadi Biblia nzima ya Kimeru ilipotoka mwaka 1964. Hivyo shule, mahali ambapo Kiswahili kingefundishwa kwa utaratibu, haikukipa nafasi kubwa. Na barabara, mahali pasipo mwalimu, ilikifundisha kila siku. Wahenga walisema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kiswahili cha Meru na Embu kilifunzwa na ulimwengu.

3. Sera na mtihani

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kukisanifisha. Lakini lugha iliyosanifishwa vitabuni haifiki kwa mwanafunzi bila mwalimu. Nchini Kenya mwelekeo wa serikali ulikuwa ukiyumba. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 ilitilia nguvu lugha za wenyeji na Kiingereza. Ujumbe wa Binns, mwaka 1952, ulipendekeza Kiswahili kiondolewe katika mafundisho isipokuwa pale kilipokuwa lugha ya nyumbani. Mwaka 1957 yakaanza majaribio ya kutumia Kiingereza kufundishia tangu darasa la kwanza, na katika miaka ya 1960 mtindo huo ukaenea upesi.

Baada ya Uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilikubali Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, ikataka Kiswahili kiwe somo la lazima. Pendekezo hilo lilikuwa zuri, lakini mtihani wa kumaliza shule ya msingi haukuwa na karatasi ya Kiswahili. Kila aliyepata kufundisha anajua maana yake: somo lisilotahiniwa hufundishwa mvua inaponyesha. Kipindi cha Kiswahili kikawa kipindi cha kumalizia hesabu. Hata Rais Kenyatta alipotangaza tarehe 4 Julai 1974 kwamba Bunge litumie Kiswahili, darasa la saba la Chuka au la Runyenjes liliendelea kujitayarisha kwa mtihani usiokitambua.

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilitaka Kiswahili kifundishwe na kutahiniwa. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ikaafiki. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kiliingizwa katika mtihani wa kwanza wa darasa la nane mwaka huo huo, na mwaka 1989 kikawa katika mtihani wa kwanza wa kidato cha nne wa mfumo mpya. Lilikuwa tukio kubwa sana kwa lugha yetu, na hakuna mpenzi wa Kiswahili asiyelishukuru.

Lakini na tujiulize ni nani aliyesimama mbele ya darasa mwaka 1985. Tumchukue mwalimu aliyezaliwa mwaka 1957. Alimaliza shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 1970 bila ya kutahiniwa Kiswahili, akapitia chuo cha ualimu, yamkini Kigari, Meru au Egoji, na akiwa na umri wa miaka ishirini na minane akaambiwa afundishe lugha ambayo yeye mwenyewe aliipata sokoni na katika redio. Hakuwa mvivu wala mjinga. Alitumwa kuteka maji bila mtungi. Maadamu umri wa kustaafu uliongezwa hadi miaka sitini mwaka 2009, mwalimu huyo alifundisha hadi mwaka 2017. Wengi tulio na umri wa miaka thelathini na kitu leo tulipita mikononi mwa walimu wa rika hilo. Mimi ni mmoja wao.

4. Utafiti na kauli yake

Nadharia tulizozitumia katika uchunguzi wa makosa zilizaliwa mbali. Lado (1957) alidai kwamba kwa kulinganisha lugha mbili tunaweza kubashiri matatizo ya mwanafunzi. Corder (1967) akageuza macho yetu kwenye kosa lenyewe, akisema ni dalili ya kujifunza na wala si aibu. Selinker (1972) akaeleza kwamba mwanafunzi hujenga lugha ya mpito, yenye kanuni zake. Huku kwetu uchunguzi mkubwa wa matumizi ya lugha uliohaririwa na Whiteley (1974) ulionyesha jinsi Mkenya anavyobadilisha lugha kati ya nyumba, soko na ofisi. Na Mbaabu, katika Kiswahili: Lugha ya Taifa (1978), alitukumbusha kwamba suala la Kiswahili ni suala la historia na siasa, si la sarufi pekee.

Ajabu ni kwamba katika tasnifu zetu tulimfuata sana Lado, tukamsahau Whiteley. Mbinu ya Lado hudhani kwamba mwanafunzi ana lugha mbili tu: ya mama, na lugha sanifu anayojifunza. Mwanafunzi wa Meru na Embu ana angalau nne: lugha ya nyumbani, Kiswahili cha njiani, Kiswahili cha kitabu, na Kiingereza kilichomfundishia masomo mengine yote. Mtafiti akilinganisha mbili pekee, kila asichokielewa atakiweka mlangoni pa mama.

5. Mafungu matatu ya makosa

Tunapendekeza makosa yagawanywe katika mafungu matatu kulingana na asili yake.

Fungu la kwanza ni makosa ya nyumbani, na hayo yapo. Kimeru na Kiembu zina irabu saba, Kiswahili kina tano, na tofauti hiyo husikika katika matamshi. Msemaji wa Kiembu akianza kujifunza huweza kutamka "ndanda" badala ya "dada", kwa sababu lugha yake haikumzoesha sauti d isiyotanguliwa na nazali. Katika maumbo, atasema "katoto" na "tutoto" kwa kuwa ka- na tu- ndivyo viambishi vya udogo kwao.

Fungu la pili ni makosa ya njiani: "watu mbili", "kitabu yangu", na wenzake. Kipimo chake ni chepesi. Sarufi ya lugha ya mama ikilikataza kosa, na kosa hilo hilo likisikika kwa wasemaji wa lugha zisizo na udugu nayo, basi halikutoka nyumbani. Yako pia makosa yenye wazazi wawili. "Ng'ombe imekufa" huungwa mkono na Kimeru na Kiembu, ambamo mnyama hupatanishwa kwa ngeli yake mwenyewe, na huungwa mkono vile vile na Kiswahili cha barabarani. Hapo mtafiti mwaminifu hatoi hukumu upesi.

Fungu la tatu ni makosa ya darasani, nayo ndiyo tusiyoyaona kwa sababu ni yetu. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza huandika "barua iliandikwa na mimi" mahali ambapo Mswahili angesema "niliandika barua". Katika mikutano, mahafali na hata makongamano ya Kiswahili husikika "ningependa kuchukua fursa hii", tafsiri ya neno kwa neno ya kauli ya Kiingereza. Sijawahi kuona wino mwekundu juu yake. Kosa la mkulima lina jina katika tasnifu zetu. Kosa la mhadhiri halina.

6. Hitimisho

Hali ya sasa inatupa nafasi ambayo waliotutangulia hawakuwa nayo. Zamani mwanafunzi wa Tigania au Mbeere aliyetaka elimu ya chuo kikuu hakuwa na budi kuihama nchi yake. Leo Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya kipo Meru tangu mwaka 1997. Chuka kilipata hati mwaka 2013, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichojengwa Nchiru, mahali penye makao ya Njuri Ncheke. Embu kikafuata mwaka 2016. Mhadhiri, mwanafunzi, mzazi na mwalimu wa zamani wa mwanafunzi huweza kupatikana katika safari ya asubuhi moja. Hatuna udhuru wa kuandika juu ya lugha ya mama bila ya kumsikiliza mama.

Tunapendekeza kwamba kila mtafiti, kabla ya kulipa kosa jina, aulize maswali matatu. Je, sarufi ya lugha ya kwanza inaliruhusu? Je, husikika kwa wasemaji wa lugha nyingine? Na je, mwalimu wa mwanafunzi huyu alifundishwa wapi, lini, na kwa mtihani gani? Swali la tatu si la isimu kwa maana ya kawaida, lakini bila hilo mawili ya kwanza hayakamiliki. Wazee wetu walimu waliobeba somo hili mwaka 1985, wengi wao wamekwisha kustaafu, nao wameondoka na ushahidi ambao hakuna maktaba iliyouhifadhi. Kuwahoji sasa ni kazi ya haraka.

Jambo hili lina uzito kupita alama za insha. Mwanafunzi anayeambiwa kila mara kwamba Kimeru chake ndicho kinachomharibia Kiswahili hujifunza kuiona lugha ya mamake kuwa ugonjwa. Na mwalimu atakapokuwa yeye, atawafundisha watoto vivyo hivyo. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo ikaitaka dola kulinda anuwai ya lugha za Wakenya. Hatuwezi kulitimiza la kwanza kwa kulivunja la pili. Ile karatasi ya mwanafunzi wangu niliirudisha baada ya kuifuta ile kauli ya pembeni. Kosa nililiacha likiwa limepigiwa mstari, maana ni kosa. Ila jina la mwenye kosa sikuliandika tena.