Nyuzi za Mkonge na Ushirikiano wa Wataalamu

Msomaji, neno "polima" huenda likakutisha kwa ugeni wake, lakini kitu chenyewe umekuwa nacho tangu ulipozaliwa. Shati ulilovaa, ndoo unayotekea maji, kamba ya kufungia mbuzi, hata karatasi hii unayoisoma, vyote vimefanywa kwa polima. Maana yake ni kitu ambacho chembe zake ndogo zimeshikana moja baada ya moja, mfano wa pete za mnyororo, mpaka zikawa mlolongo mrefu mno. Mjerumani Hermann Staudinger ndiye aliyeieleza habari hii mwaka 1920. Wataalamu wengi wakampinga, lakini mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobel kwa sababu ya kazi hiyo. Polima nyingine huumbwa na mimea, kama ile selulosi iliyomo katika pamba, katika miti na katika mkonge. Nyingine hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli. Historia nitakayokueleza ni ya mashindano baina ya aina hizo mbili, na ya wataalamu wa mataifa mbalimbali walioshirikiana, mara kwa faida yetu, mara kwa hasara yetu.

Wewe unayesoma Mwihoko, Ruiru au Thika una sababu nzuri ya kuijua historia hii. Ingia katika nyumba mojawapo inayojengwa Mwihoko, umtazame fundi wa dari za jipsamu. Huchukua nyuzi za mkonge, akazichovya katika jipsamu iliyokorogwa kama uji, kisha akazilaza katika umbo analolitaka. Jipsamu peke yake huvunjika kama chaki, lakini ikitiwa nyuzi hushikamana. Wazee wetu waliokandika kuta kwa udongo uliochanganywa na nyasi waliijua kanuni hiyo kabla ya fundi huyu, nayo ndiyo kanuni ile ile inayochunguzwa leo katika vyuo vikuu: kitu kigumu kivunjikacho upesi huimarishwa kwa uzi usiokatika upesi.

Mkonge wenyewe si mmea wa asili yetu. Kwao ni Mexico, ambako watu wa Maya walisokota kamba kwa mimea ya jamii hiyo kabla Wazungu hawajafika. Jina lake la Kiingereza, sisal, ni jina la bandari moja ya huko. Katika miaka ya 1830 Henry Perrine, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani mjini Campeche, aliipeleka mimea hiyo Florida. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ipitie Hamburg hadi pwani ya nchi ambayo leo ni Tanzania. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Miche hiyo michache ilipandwa karibu na Pangani, nayo ikawa chanzo cha mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkonge ulivuka mpaka, walowezi wakaupanda katika nyanda za Thika na Makuyu. Kampuni ya Kakuzi, ambayo siku hizi yajulikana kwa maparachichi, ilianzishwa mwaka 1927 kwa jina la Kakuzi Fibrelands, na jina hilo lenyewe lataja nyuzi.

Baada ya mashamba ulikuja utafiti. Wajerumani walianzisha kituo cha elimu ya mimea Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na Waingereza wakakirithi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika miaka ya 1930 kilifunguliwa kituo cha mkonge Mlingano, karibu na Tanga. Hapa Thika napo palikuwa na kituo cha mkonge wa nyanda za juu. Kazi ya Amani na Mlingano ilizaa mkonge chotara uitwao namba 11648. Mkonge wa kawaida hutoa majani kama 200 hadi 250 katika maisha yake, lakini chotara huyo aweza kupita majani 600. Katika miaka ya 1960 alipelekwa China, na huko amekuwa ndiye mkonge mkuu wa mashambani. Hivyo mmea uliotujia kutoka ng'ambo uliondoka kwetu ukiwa umeongezwa thamani. Lakini angalia, msomaji: waliokata majani na kuyaparua jua kali walikuwa Waafrika, na walioshika daftari za utafiti walikuwa wengine.

Wakati kituo cha Mlingano kikihesabu majani, jambo jingine lilikuwa likitendeka Ulaya. Mwaka 1952 Mjerumani Karl Ziegler alitoa mhadhara mjini Frankfurt, na Giulio Natta, profesa wa Milan, alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Wakaafikiana kushirikiana, pamoja na kampuni ya Kiitalia ya Montecatini. Mwaka uliofuata Ziegler akagundua vichocheo vipya vya kuunganishia chembe, na mwaka 1954 Natta akavitumia kutengeneza polima iitwayo polipropilini. Baadaye waligombana juu ya haki za uvumbuzi, lakini mwaka 1963 waligawana Tuzo ya Nobel. Kamba ya polipropilini ni nyepesi, haiozi, na iliuzwa kwa bei ndogo. Wakulima wa Ulaya na Marekani, ambao kwa miaka mingi walifungia majani makavu ya mifugo kwa kamba za mkonge, wakaihamia. Tanzania, iliyovuna mkonge zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964, haikufikisha hata tani 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Haifai kusema kwamba plastiki peke yake ndiyo iliyoleta anguko hilo, maana hata uendeshaji wa mashamba baada ya kutaifishwa ulikuwa na lawama zake. Hata hivyo, mapatano ya maprofesa wawili yalichangia kuwaondolea kazi watu ambao hawakupata hata kusikia majina yao.

Ile sifa ya kutokuoza iliyoipa plastiki ushindi ndiyo iliyokuja kuwa aibu yake. Mitaro ikazibwa, ng'ombe wakameza mifuko, mito ikabeba takataka hadi baharini. Rwanda iliipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mwezi Machi 2022 mataifa yalikutana Nairobi, yakakubali kuanza kutunga mkataba wa kuzuia uchafu wa plastiki. Mikutano ya Busan mwaka 2024 na Geneva mwaka 2025 ilimalizika bila mapatano. Mkonge uliodharauliwa ukaanza kutazamwa upya.

Lakini wako waliokuwa wameutazama mapema. Mhandisi wa Kitanzania, Elifas Bisanda, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifanya kazi na Martin Ansell wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza. Mwaka 1991 walichapisha uchunguzi wa mkonge uliotiwa katika gundi ngumu ya kiwandani. Mwaka 1992 wakapiga hatua kubwa zaidi: badala ya gundi ile walitumia utomvu wa maganda ya korosho. Nyuzi zilioshwa kwanza kwa sodiamu haidroksidi, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ili zishikane vema na gundi. Kisha mikeka ya mkonge ikaloweshwa kwa utomvu uliochanganywa na dawa ya kuugandisha, ikakandamizwa, yakapatikana mabamba, mengine bapa na mengine yenye migongo kama mabati, yaliyokusudiwa kuezekea nyumba. Mtanzania mwingine, Leonard Mwaikambo, aliendeleza kazi hiyo pamoja na Ansell, na mwaka 2002 walichapisha uchunguzi juu ya nyuzi za katani ya Ulaya, mkonge, juti na sufi.

Tafakari uzuri wa wazo hilo. Mkonge ni wa Tanga na Thika, korosho ni za Mtwara, Lindi na Kilifi, na ganda la korosho ni kitu ambacho mbanguaji hukitupa. Mwafrika alileta ujuzi wa nchi yake na swali linaloihusu nchi yake. Mwenzake alileta maabara na vyombo vya kupimia. Hiyo ndiyo tofauti baina ya ushirikiano huu na ule wa miche 62. Safari hii mwenyeji hakuwa shamba la kuchunguziwa, bali alikuwa mchunguzi.

Huenda ukauliza, "Mbona basi paa za Mwihoko ni za mabati?" Swali lako ni la haki. Kipande kilichofaulu maabarani hakijawa bado bidhaa ya dukani. Nyuzi za mimea hunywa maji na huungua, kiwanda chataka mtaji, na mnunuzi huangalia bei kabla ya kuangalia mazingira. Tena yafaa kusema ukweli kwamba si kila kiitwacho "kijani" ni safi. Mkonge ukitiwa katika plastiki ya petroli, mchanganyiko huo hauozi wote. Na dawa ya kugandishia utomvu wa korosho, formaldehaidi, ina sumu. Hayo ndiyo maswali yanayongoja wataalamu, nayo hayatajibiwa na mtu mmoja, wala na nchi moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi tupate funzo gani? Kwanza, elimu haina mpaka, na anayejifungia ndani hujinyima mwenyewe. Pili, katika ushirikiano wowote hatuna budi kuuliza swali ni la nani, daftari litabaki wapi, na faida itamfikia nani. Tatu, asiyekuwapo panapofanywa utafiti hulipa gharama ya uvumbuzi wa wengine, kama walivyolipa wakata mkonge.

Usidhani kwamba mahali pa kazi hiyo ni mbali nawe. Juja si safari kubwa kutoka Mwihoko, na hapo pana Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoanza kufundisha mwaka 1981 kwa msaada wa Japani. Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kina kituo cha Afrika cha kuchunguza dawa za mimea, nguo na nishati. Milango hiyo hufunguliwa kwa aliyejifunza kemia yake vizuri akiwa shuleni. Asilimia kama 4 tu ya uzito wa jani la mkonge ndiyo uzi. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutupwa. Jina la Mwihoko, kwa Kikuyu, maana yake ni tumaini. Naam, tumaini ni jema, lakini jani halijipimi lenyewe. Lamngoja mtu wa kulipima.