Uvamizi wa Wazungu katika nchi ya Wasamia

Uvamizi wa Wazungu katika nchi ya Wasamia ni tukio la mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 lililowaacha watu hawa pande mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, Lunyo na Busia zikiwemo. Joseph Thomson, mpelelezi aliyetumwa na wanajiografia wa London kutafuta njia fupi kutoka pwani, alifika Ziwa Victoria kupitia nchi ya Wasamia Desemba 1883. Wapagazi wake wengi walikuwa Waswahili, na bila wao asingefika. Nyuma ya mpelelezi zilikuja tamaa ya biashara, misheni na hofu ya kutanguliwa na Ujerumani. Uganda ilitangazwa himaya ya Uingereza mwaka 1894. Kuanzia 1899 Semei Kakungulu, jemadari Mganda, aliiteka Bukedi, eneo la mashariki mwa Uganda, kwa bunduki, kisha kodi ya nyumba ikafuata.

Jeraha kubwa zaidi lilikuwa la mwaka 1902. Waingereza walilikata Jimbo la Mashariki la Uganda wakalitia katika himaya ya Afrika Mashariki, Kenya ya leo. Wasamia, wafua majembe mashuhuri, hawakuulizwa. Leo sehemu ya Mto Sio ni mpaka wa nchi hizo mbili, na ng'ambo zote mbili wanaishi ndugu wa ukoo mmoja.